Kigari cha gofu cha mtumba hapa Malindi: kigari nakipa tano, muuzaji nampa sifuri

Nimekaa na hiki kigari mwezi wa 14 huu, na kila mwenye nyumba za kupangisha akifika kwangu lazima aulize, umekitoa wapi, pesa ngapi, kinafaa? Kinafaa. Kinafaa mpaka najuta nilichelewa nini. Ila aliyeniuzia, huyo hata adui yangu sitamwelekeza kwake. Jina lake silitaji maana sitaki kesi, lakini niliyopitia nitayasema yote, wewe usije ukauziwa mbuzi kwenye gunia.

Sisi tuna nyumba sita za wageni upande wa Casuarina, za marehemu baba, mimi na mamangu ndo tunaziendesha. Kiwanja ni kirefu na chembamba, geti liko barabarani na nyumba ya mwisho iko baharini, katikati hapo ni kama mita 400 za mchanga na mawe ya matumbawe, gari la kawaida likiingia linakwama. Miaka yote mizigo tulibeba kwa wilbaro. Na wageni wetu wengi ni Wataliano, tena si vijana, ni wazee wanaokuja Malindi tangu mimi sijazaliwa, mwingine ana miaka 80 na mkongojo wake. Sasa Disemba moja mzee mmoja kashuka kwenye teksi, akaiangalia ile njia, akaliangalia goti lake, akapanda juu ya sanduku lake ndani ya wilbaro akamwambia kijana wetu "andiamo", yani twende. Kijana akamsukuma mpaka mlangoni. Mzee anacheka, sisi tunacheka, mkewe hacheki. Jioni huyo mke akanivuta kando akaniambia kwa upole kabisa kwamba mwaka ujao huenda wakatafuta pahali pengine. Usiku ule ule nikaanza kutafuta kigari.

Tuktuk niliifikiria kwanza, maana Malindi tuktuk ni nyingi kuliko kunguru na fundi wake yuko kila kona. Lakini tairi zake ni nyembamba, kwenye mchanga laini ile moja ya mbele inajichimbia kaburi, alafu kelele. Mgeni amelipa asikie mawimbi we unampitishia tuktuk dirishani saa 12 asubuhi? Vigari vya gofu vya petroli pia nikaviona na kusema haki, kama uko pahali stima ni ya kubahatisha chukua cha petroli, unatia mafuta unaenda, huna habari na betri. Kwangu stima ikipotea inarudi, na kigari chenyewe kinachaji usiku watu wamelala. Basi nikashikilia cha stima.

Shangazi yangu yuko Lamu, nilipompigia kumwambia nanunua kigari cha laki kadhaa cha kubebea masanduku alicheka mpaka simu ikakatika, akapiga tena kunambia, "Mwanangu, punda wangu hachaji." Na kwa Lamu yuko sawa, zile njia za mji wa kale wewe na punda mkikutana mmoja lazima ajibanze ukutani, kigari kitapita wapi. Mwenye kiwanja chake Shela huko au Manda labda, lakini ndani ya mji sahau.

Swali la pili lilikuwa mpya au mtumba. Vipya vya Uchina vipo na vinapendeza, taa kali, viti vya kahawia, redio. Nilichoogopa ni spea, kwamba siku kontrola, kile kisanduku kinachogawa umeme kwa mota, ikifa niambiwe ngoja kontena. Mtumba wa Marekani mwingi unaoonekana hapa pwani asili yake ni viwanjani, manake viwanja vya gofu hukodi vigari kwa makumi kwa miaka michache kisha vinabadilishwa vyote kwa mpigo, vile vilivyotoka ndo vinauzwa dunia nzima. Kampuni kubwa ni tatu, Club Car na E-Z-GO zote za Augusta kule Georgia, mji wa yale mashindano ya gofu ya Masters, na Yamaha ambao pia wanaunda vigari vyao Georgia. Spea za hizi tatu zimejaa mitandaoni na fundi aliyegusa kimoja anavijua vyote. Hata hapa kwetu tuna bahati, viwanja vya gofu viko vya kutosha pwani, Vipingo pale, Nyali, Diani, kwa hivyo mafundi wapo ukiulizia. Wangu nilimpata kwa kuulizia, ni mtu mzima, amefanya kazi na vigari hivi miaka mingi, mimi namwita ami. Bila yeye leo ningekuwa na banda la kuku la magurudumu manne.

Ami alichonambia siku ya kwanza ni hiki: kwa mtu wa Malindi swali la kwanza si mwendo wala rangi, ni chumvi. Unajua wenyewe, bati la hapa karibu na bahari huliwa, bawaba za dirisha huliwa, feni huliwa, hata kijiko ukikisahau barazani. Sasa E-Z-GO na Yamaha chesisi ni ya chuma. Ni imara hazina neno, na huko bara zitakuzika, lakini hapa chuma kinataka mtu wa kukihudumia, kuosha na maji baridi, yale yasiyo na chumvi, na kupaka rangi mara kwa mara. Club Car chesisi yao ni aluminiamu. Si kwamba kigari kizima hakishiki kutu, la, springi na bolti na ekseli bado ni chuma, lakini uti wa mgongo hauliwi.

Nikapata tangazo, muuzaji yuko Mombasa, picha nzuri, vigari vinang'aa kama sufuria za harusi. Tukaenda na ami. Yule bwana katupokea vizuri, maji baridi, "karibu dada, karibu mzee wangu", akatuonyesha kimoja cheupe chenye viti vipya, cha kampuni ya chuma, chini kimepakwa rangi nyeusi inanukia bado. Mimi nishakipenda. Ami hakusema kitu, akavua koti, akalala chali pale chini kwenye vumbi, akatoa bisibisi mfukoni akaanza kugonga gonga chesisi, tik, tik, tik, kisha sauti ikabadilika, tup. Pale chini ya sehemu ya betri. Akabonyeza na bisibisi ikaingia kama kwenye boflo. Ikatoka na unga mwekundu. Akanionyesha ncha yake bila maneno akajifuta mikono. Ile asidi ya betri miaka yote ilikuwa inadondokea pahali pamoja, chuma kimeliwa kikaisha, wakaja wakakipaka rangi juu ya kidonda. Muuzaji akasema ati hiyo ni ya kuchomelea tu, kazi ya nusu saa. Tukasogea.

Cha pili ndo hiki nilicho nacho, Club Car Precedent, kijani. Bwana akasema ni cha 2014. Ami akamwomba kibandiko cha namba ya kiwanda, na hapa sikiliza vizuri, namba za Club Car zinaanza na herufi mbili alafu tarakimu mbili za mwaka alafu mbili za wiki. Changu kinaanza PQ09. Yani 2009. Bwana bila kupepesa macho akasema "dada hiyo 09 ni code ya kiwanda tu". Code ya kiwanda! Basi mimi nishaanza kuondoka, ami ndo akanizuia, akanambia ngoja mwanangu, umri si ugonjwa, hebu tuangalie chini ya kiti. Aliyedanganya mwaka atakushushia bei mwenyewe.

Kiti cha vigari hivi hunyanyuka, chini yake ndo betri. Changu ni cha volti 48 na kilikuwa na betri sita za volti 8. Vingine vya zamani ni volti 36, betri sita za volti 6, vinaenda pia lakini kwenye mlima na mzigo vinahema, kwa kazi ya hoteli usichukue. Betri zilikuwa zimeoshwa zinang'aa, bwana akatwambia mpya, miezi mitatu. Ami akatoa mita, zote sita zikasoma vizuri, jumla karibu 51, na zikijaa na kupumzika zinatakiwa zisome hapo hapo 50.9 hivi. Nikafurahi. Ami akasema bado. Akanambia keti uendeshe, upande ile njia ya lori ya kupakilia mizigo, taratibu, usiachie pedali. Yeye akaning'inia nyuma, mwili nusu nje, kiti kimenyanyuliwa, nyaya mbili za mita mkononi anahamisha betri hadi betri kama daktari anapima mapigo. Betri ya kwanza ikashuka ikabaki 7 na kitu, sawa. Ya pili sawa. Ya tatu sawa. Ya nne ikaanguka mpaka 5.6. Nikiachia pedali inarudi 8.3 kama haijui lolote. Kumbe betri iliyokufa ikipumzika inadanganya vizuri tu, mpaka uibebeshe mzigo. Na moja ikifa zinavuta zote maana zimefungwa mstari mmoja.

Alafu akafuta juu ya kichwa cha betri na kidole akanionyesha herufi na namba zimepigwa kwenye risasi. Zilikuwa Trojan, na kwa hizi herufi ni mwezi, A Januari, B Februari unaenda hivyo mpaka L, na namba ni tarakimu ya mwisho ya mwaka. Hizo za "miezi mitatu" zilikuwa na zaidi ya miaka mitano. Namwangalia bwana, bwana anaangalia simu.

Bei alikuwa anataka laki 5 na nusu. Nikamwambia mwaka si huo, betri maiti, mimi nanunua mwili tu. Tulivutana mpaka adhuhuri ikaadhiniwa, akasimama kwenye laki 4 na elfu 20. Nikalipa depositi ya laki moja, akaahidi atakileta Malindi wiki ile ile. Wiki ile ikawa wiki tano. Kila nikipiga, kanta imeharibika, dereva amefiwa, Mtwapa kuna jam. Jam ya Mtwapa naijua lakini si ya mwezi mzima jamani. Mwisho nikatafuta kanta mwenyewe kwa elfu 12 nikaenda kukichukua. Vijana wake wakaanza kukisukuma wapakie, hakiendi, kinanguruma tu kimejifunga, wakaongeza watu sita. Ami kwa simu akapiga kelele, wafungue kiti watafute swichi yenye TOW, yani kuvutwa, na RUN, yani kuendeshwa, waiweke TOW. Mkumbuke hii. Hivi vigari vikiwa kwenye RUN mota inajifunga breki yenyewe na ukikiburuta inaweza kurudisha umeme kwenye kontrola ikaichoma. Kabla ya kusukuma, kuvuta, au kufungua betri weka TOW. Wanaouza vigari kila siku na hawajui hilo, ndo ujue.

Na sasa chaja, hapa ndo hasira zangu zote zilipo. Alinipa chaja kubwa ya chuma, nzito kama tofali, na adapta ya plagi juu yake, akasema chomeka tu. Nikafika nyumbani magharibi, nikachomeka, ikatoa sauti ya bui bui bui kama nyuki kwenye debe, alafu PAA, moshi, nyumba mbili giza, mgeni anatoka na taulo. Asubuhi ami akafika akageuza ile chaja akanisomea bamba lake, 120V 60Hz. Ni ya Marekani. Stima yetu ni 240V. Niliposema basi ninunue transfoma ya kushusha, ami akatikisa kichwa, akanieleza kwamba hizi chaja za zamani zenye transfoma nzito zimepangwa kwa 60Hz, yani mapigo 60 ya umeme kwa sekunde, na stima ya Kenya ni 50Hz, ukishusha volti bado Hz hazishuki wala hazipandi, itapata moto na betri haitachajiwa inavyotakiwa. Basi nikanunua mpya ya elektroniki ya 240V, elfu 45, na kwa kuwa modeli hii ya miaka ile akili ya kuchaji iko kwenye kompyuta ndogo ndani ya kigari na si kwenye chaja, ami ikabidi abadilishe waya zile chaja mpya ikubaliane nayo. Nilimpigia yule bwana. Alichojibu nimekihifadhi: "Lakini dada, chaja nilikupa bure."

Kwa hivyo mtu akikwambia kigari kina chaja yake, geuza usome bamba. Dakika moja tu.

Betri mpya. Kuna mtu wa duka la spea hapa mjini alinishauri, kwa nia njema naamini, niweke N70 nne za magari, "si zinafika 48?" Zinafika ndio. Lakini betri ya gari kazi yake ni kupiga starta sekunde mbili alafu oltaneta inaijaza, ukiitumia mpaka nusu kila siku ndani ya miezi imekufa. Kigari kinataka betri za kutumika na kuisha pole pole, na hizo ni ghali, mimi nilipata elfu 28 moja, mara sita ni laki moja na elfu 68. Lithiamu niliiulizia. Ni nyepesi ajabu, zile sita za risasi ni karibu kilo 170 na lithiamu ya nguvu hiyo hiyo haifiki hata nusu, haitaki maji, haitoi mvuke wa asidi, inadumu miaka mingi zaidi. Bei niliyopewa ilikuwa zaidi ya mara mbili nikarudi nyuma. Leo nikiwa na pesa ningenunua lithiamu bila kufikiri, kwa sababu moja, ile kazi ya maji.

Maji ya betri usifanye mchezo nayo hapa Malindi. Visima vyetu vina chumvi, mnajua, chai yenyewe tunaisikia. Kijana wetu wa geti wiki ya pili aliona betri zimepungua akajaza kwa bomba la bustani, nilimkuta kwenye betri ya pili nikaruka kama nimeona nyoka. Ni maji yaliyosafishwa tu, yale ya dukani, na uangalie usipewe asidi maana pahali pengine chupa zinafanana na zote huitwa "maji ya betri". Unajaza baada ya kuchaji si kabla, isipokuwa sahani za ndani zimeonekana zikavu, hapo unaweka kidogo tu zifunikwe. Joto hili letu mimi naangalia kila wiki mbili. Ule ukoga mweupe wa juu ya vichwa naosha kwa magadi na maji, magadi yale yale ya kuchemshia maharagwe, inafoka kama soda unasuuza unapaka grisi. Glavu na miwani lakini, nina kanga ina matundu kama ungo ya kunikumbusha.

Ukijumlisha kigari, kanta, betri, chaja, kiti cha nyuma elfu 40 na mkono wa ami elfu 15, imeniingia laki 7 kamili. Laki 7 kwa kigari cha "laki 4 na 20". Rahisi ghali. Lakini hata hivyo nikipiga hesabu sijutii, maana nimepata betri mpya ninazojua umri wake na mwili usioliwa.

Sasa kukitumia. Kimya, wallahi kimya mpaka inabidi upige honi paka waamke. Mwendo wake hauzidi kilomita 20 na kitu kwa saa, na kwa njia yetu hiyo ni nyingi. Kile kiti cha nyuma ndo pesa niliyotumia vizuri kuliko zote, kinakunjuka kinakuwa sitaha, asubuhi kinabeba wazee wawili na nyuma masanduku, mchana kinabeba mashuka, jioni samaki na barafu. Usizidishe tu, uwezo wake wote ni karibu kilo 360 na dereva ndani, Mtaliano mnene wawili na mizigo yao ushafika. Kuchaji usiku kunanila kama yuniti nne au tano za tokeni, na ni siku zile za shughuli nyingi, Agosti na Disemba. Mwezi wa tano kimekaa tu.

Mchanga. Tairi zake ni pana na laini, na hizo zinasaidia, ami alizipunguza upepo kidogo zikatanuka na hakijawahi kukwama kwenye njia yetu. Ufukweni nakataza. Mpwa wangu alikipeleka mara moja Idi, kwenye mchanga mkavu kikazama mpaka ekseli na maji yanapanda, tukakitoa watu wanane, nikakiosha chini na maji baridi mpaka saa tano usiku huku nasema maneno siwezi kuandika. Breki ziko magurudumu ya nyuma tu, za ngoma, na mchanga ukiingia zinalia, kila miezi mitatu zinafunguliwa zinapulizwa. Na kitu kingine sikukijua, ufunguo. Vigari vya kampuni moja mara nyingi ufunguo ni mmoja, niligundua jirani yangu mwenye hoteli alipokiwasha changu kwa ufunguo wa chake akicheka. Weka swichi yako ya siri, au ufanye kama mimi, usiku TOW na kiti kimefungwa kufuli.

Barabarani sitoki nacho. Hakina namba plate, hakina bima ya barabara, na hata kama askari ni rafiki yako, pale Casuarina bodaboda wanapita kama risasi. Kuna wanaotoka navyo kwenda kununua mkate, shauri yao.

Kinachonisumbua mpaka leo ni kutu ya vitu vidogo. Chesisi kweli iko kama siku ya kwanza, lakini bolti zinazoshikilia paa zimeanza kulia machozi mekundu, na springi za nyuma nimezipaka mafuta machafu ya injini mara mbili sasa. Kaskazi ikivuma inaleta ule ukungu wa chumvi, asubuhi ukipitisha kidole juu ya kioo cha mbele unauonja. Nimekijengea banda la makuti, limesaidia, lakini ningelijenga kabla ya kigari kufika si baada.

Mamangu mwanzoni alisema sitapanda, mimi si mgonjwa. Siku hizi anaketi mbele na mkoba wake anamwambia kijana "twende", na wakati mwingine namkuta ndani ya kigari kimesimama bandani, anachambua mchicha, anasema pana upepo. Na yule mama wa Kitaliano walirudi Disemba, hakusema lolote kuhusu wilbaro, alipanda tu akamvuta mumewe mkono akaketi naye nyuma wakiangalia walikotoka. Mumewe ndo aliyeuliza wilbaro iko wapi.

Juzi yule muuzaji kanitumia ujumbe, baada ya mwaka mzima, salamu nyingi na picha tatu: "Dadangu nimepokea vingine, vya 2016, chesisi aluminiamu, betri mpya, nikuwekee kimoja?" Nikamjibu ahsante, nitumie picha ya kibandiko cha namba. Tiki mbili za buluu mpaka leo.